Mama Zangu Wawili na Fomu ya Wizara

Katika mwaka wangu wa pili chuo kikuu, Lusaka, nilishikwa na ugonjwa wa kuulizia mpaka. Wenzangu tuliosoma nao siasa na uhusiano wa kimataifa walitaka kujua nani atapelekwa ubalozi gani, na kama nyumba za mabalozi zina bustani. Mimi nilitaka kujua ule mstari mwekundu uliochorwa katikati ya Ziwa Mweru, kwenye ramani ya darasani, umeshikwa na nini. Nimezaliwa Nchelenge. Ziwa lile nimelinywa, nimelioga, nimefulia humo sare za shule miaka kumi, na sijawahi kuona mstari.

Mhadhiri wetu alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ndogo, aliyetoka ng'ambo ya bahari. Alitufundisha kwamba dola ni vitu vinne: watu, ardhi, serikali, na uwezo wa kuongea na dola nyingine. Alivihesabu kwa vidole. Nikanyoosha mkono, nikauliza: na maji je? Darasa likaangua kicheko. Yeye hakucheka, alisema maji ni ardhi iliyolowa, tuendelee. Nilikasirika kutwa nzima. Nina hasira za karibu, hata leo, na jibu la mkato hunikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Kwa hiyo likizo ilipofika nilipanda basi la kwenda Mansa na kuendelea hadi nyumbani, nikiwa na daftari jipya la kuandikia majibu. Nilianza na mama yangu, aliyekuwa akiuza samaki wakavu sokoni Kashikishi, hatua chache kutoka mahali mashua zinapofika. Nikamwuliza mpaka uko wapi. Akauliza, mpaka wa nini, wa shamba la nani? Nikaenda kwa wavuvi wa Kabuta, waliokuwa wakifunga vikapu vya samaki kwenye baiskeli za kupeleka bara. Mmoja alinionyesha kisiwa, mwingine akanionyesha wingu. Wa tatu aliniuliza kama serikali ndiyo imenituma, na kama imenituma, mbona nimekuja kwa miguu.

Aliyenijibu vizuri kuliko wote ni mfanyabiashara mmoja wa Zaire, mtu mnene aliyevuka ziwa kila Alhamisi na vitenge. Aliacha kukunja kitambaa, akanitazama kwa huruma.

"Frontiere? Ku mayi haiko, mamuzele. Iko ku biro. Ukifika ku biro njo unaiona, bameipiga kashe."

Biro ni ofisi, kashe ndiyo muhuri wao, na mamuzele ni binti. Nililiandika jibu lile neno kwa neno, na niliporudi Lusaka nikalitia kwenye insha yangu. Mhadhiri alipiga mstari chini yake na kuandika pembeni: Chanzo? Nikamwandikia: Muuza vitenge. Alinipa alama nzuri, lakini hakuuliza zaidi, na hilo nalo liliniudhi. Mtu unawezaje kusikia jambo kama lile usitake kujua zaidi?

Hapa niseme kitu kuhusu Kiswahili, maana wasomaji wangu wa pwani huniuliza nilikipata wapi. Hiki ninachoandikia nilikipata baadaye, kazini, Dar es Salaam. Kile cha nyumbani kilikuwa kingine, kilichotoka Katanga pamoja na vitenge na mafuta ya mawese. Kwetu tuliongea Kibemba. Tulipendana kwa Kibemba, tukagombana kwa Kibemba, na waliokufa tuliwalilia kwa Kibemba. Kiswahili kilikuwa lugha ya kuuzia na kununulia. Ulikitumia na mtu usiyemjua ukoo wake, na mkishapatana bei, kila mmoja alirudi kwenye lugha yake.

Nilijifunza Kiswahili hicho nikiwa nimekaa chini ya meza ya mama sokoni, na nilikuwa nakipenda, kwa sababu ndicho kilichonifungulia midomo ya watu wa ng'ambo. Lakini sikuwahi kumsikia mtu akikisema na ndugu yake wa damu. Ingekuwa sawa na kumwandikia mama yako risiti kwa chakula alichokupikia.

Sasa niwaeleze mama zangu.

Kwa Kibemba, mdogo wake mama hana jina la pembeni. Ni *mayo*, mama, kama yule yule aliyekuzaa, na mtoto mwenye adabu hawapimi mizani. Mama yangu wa sokoni alikuwa na mdogo wake mmoja tu, aliyeolewa Kilwa, upande wa Zaire, na mtu mwenye mashua ya injini. Nilipokuwa na miaka miwili mama yangu alijifungua mapacha, akaugua, maziwa yakawa ya kugombaniwa. Mdogo wake akavuka, akanifunga mgongoni, akarudi na mimi Kilwa. Nilikaa huko mpaka nilipofikia umri wa kuanza shule. Kumbukumbu yangu ya kwanza duniani ni vidole vyake vikinichambulia miiba kwenye mnofu wa samaki, na harufu ya mawese kwenye kitenge chake. Nilirudishwa Nchelenge nikilia kana kwamba naibwa.

Kila baada ya wiki mbili alivuka kuja Kashikishi kuuza mafuta, na siku hiyo alilala kwetu, mkeka mmoja na dada yake. Alianza kupiga kelele za salamu tangu barabarani, kabla hujamwona. Alikuwa mcheshi, mwenye kuchokoza, na mwenye akili ya haraka ambayo shule haikuigusa kabisa. Nilipokuwa mwanafunzi wa siasa nikamgeuza kuwa maktaba yangu. Serikali yao wakati huo ilikuwa imewaambia watu waache majina ya ubatizo, wachukue ya mababu. Nikamwuliza, kwa hiyo wamekunyang'anya jina lako, *mayo*? Akasema wamelichukua kwenye karatasi. Mungu anaendelea kumwita vile vile, na mumewe anamwita vibaya zaidi.

Siku nyingine nilimwuliza kama anajiona Mzambia au Mzaire. Alifikiri kidogo huku akikuna mguu.

"Inategemea anayeuliza," alisema, "na kama ana bunduki au hana."

Nalo nililiandika. Alikuwa ameona vita kule baada ya uhuru wao, alishawahi kutukimbilia na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, na hakuwa akitania sana kama nilivyodhani.

Mwaka wa tatu, mwaka wa mwisho kasoro mmoja, fomu zikaja. Wizara ilikuwa ikitafuta vijana wachache wa kuingizwa katika kazi ya uhusiano wa nje, na darasa letu zima likaingiwa na homa. Mimi ndiye niliyeitaka kazi ile kuliko wote, nasema bila aibu. Sikuitaka kwa ajili ya bustani ya balozi. Niliitaka kwa sababu niliamini huko ndiko wanakokaa watu wanaojua mstari ule umeshikwa na nini, na kwamba nikiingia, siku moja nitafunguliwa kabati na kuonyeshwa.

Nikaijaza fomu maktabani, kwa kalamu ya kuazima. Jina. Mahali pa kuzaliwa. Baba: marehemu. Nikafika palipoandikwa jina la mama na uraia wake. Mstari ulikuwa mfupi, nikapunguza ukubwa wa herufi ili wote wawili waenee: mmoja Nchelenge, Mzambia, mwingine Kilwa, Mzaire. Sikusita hata kidogo. Wala sikudhani nimefanya jambo la kusitia. Mtu akikuuliza mama yako, humtaji mmoja ukamficha mwingine kama kuku wa wizi.

Baada ya wiki niliitwa kwenye ofisi moja ya mjini iliyokuwa ikipokea fomu hizo. Karani alikuwa mtu mzima, mtaratibu, miwani yake imefungwa kwa uzi sikio moja.

"Dada, hapa umeandika mama wawili."

"Ndiyo."

"Yupi alikuzaa?"

Damu ikanipanda. Kwetu hilo si swali. Ni swali la mtu anayetaka kuwagombanisha wenye nyumba. Nikamwambia hivyo, na kwa sauti iliyofanya mpiga chapa wa meza ya pili aache kupiga. Karani hakukasirika. Alivua miwani, akaifuta kwa tai, akanieleza polepole kwamba anayeomba kazi ile na ana mama nje ya nchi huwekwa kwenye faili la peke yake, la kuchunguzwa, na kwamba yeye amekaa kwenye kiti kile muda mrefu na hajaona faili la namna hiyo likirudi na habari njema. Kisha akatoa fomu nyingine, tupu, akaiweka mbele yangu. Akaenda kusimama dirishani, akatazama nje, akanipa mgongo.

Nikaijaza upya. Mama: mmoja. Ndugu wa karibu walio nje ya nchi: Hakuna.

Kilichonishangaza, na bado kinanishangaza, ni jinsi jambo lile lilivyokuwa jepesi. Nilitoka pale nikiwa na hoja tayari kichwani, za kisomi kabisa: kwamba neno lao la mama ni jembamba kuliko letu, kwamba nimetafsiri tu, kwamba mtu hafutwi kwa kuachwa kwenye mstari. Nilijitetea vizuri sana kwa mtu ambaye hakuna aliyemshtaki.

Karani aliniambia jambo moja zaidi nilipokuwa mlangoni. Ofisa atakuja nyumbani kwetu wakati wa likizo, kuhakikisha.

Nilimwambia mama yangu siku ile ile niliyofika Nchelenge. Alikuwa akigeuza samaki juani. Nilimweleza yote, na fomu ya kwanza na ya pili, na faili la peke yake. Aligeuza samaki wawili au watatu kabla ya kuongea.

"Umemfuta?"

"Kwenye karatasi tu."

"Kazi unaitaka?"

"Naitaka."

"Basi mwambie. Mwambie asije mpaka mgeni wako aondoke. Mimi siwezi kumkataza mdogo wangu kuja nyumbani kwangu. Aliyemfuta ni wewe, na mdomo unao, maana unauliza watu maswali tangu asubuhi."

Sikumwambia. Alikuja mara mbili likizo ile kabla ya ofisa, na mara zote mbili nilimpokea beseni, nikamletea maji ya kunawa, nikakaa karibu yake nikijiandaa. Nilifungua mdomo, na kilichotoka kikawa swali: mawese yanakamuliwaje, ushuru wa Kilwa anautoza nani, kwa nini askari wao wanavaa kofia za namna ile. Alinijibu yote kwa furaha. Sikuogopa kwamba angekasirika. Niliogopa kwamba angesema sawa, mwanangu, papo hapo, bila hata kuacha kula.

Ofisa akaja asubuhi moja kwa gari la serikali, bila taarifa. Alitoka magharibi ya nchi, mbali na kwetu, na Kibemba chake kilikuwa cha mjini, chenye matobo mengi, kwa hiyo tulitumia zaidi Kiingereza. Alikuwa kijana kuliko nilivyotarajia, na mpole. Tulimkalisha uani kwenye kiti chetu kimoja chenye mikono. Alimtuma dereva wake Kashikishi akatafute petroli.

Alimwuliza mama yangu habari za nyumba, watoto, kanisa, kadi ya chama. Nikatafsiri. Akauliza kama tuna ndugu nje ya nchi. Mama yangu alikaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, akaweka mikono mapajani.

"Mwambie watu wetu wote wako hapa hapa ziwani," akasema.

Ilikuwa kweli tupu. Nikatafsiri, ofisa akaandika, nami nikaanza kupumua.

Hapo nikasikia kandambili barabarani. Nilizijua zile kandambili. Nilichokosa ni sauti: hakuna aliyepiga kelele za salamu. Alikuwa ameliona gari la serikali kabla ya kutuona sisi, akawa amenyamaza. Alitokea pembeni mwa ua na madumu yake ya mawese kwenye beseni kichwani, akasimama. Akamtazama mgeni kwenye kiti, akatazama karatasi, akatazama uso wangu. Muda wote aliohitaji ni wa kushusha beseni chini.

"Jambo, mama," akamwambia dada yake, kwa Kiswahili. "Leo nimeleta mawese ya muzuri. Unatwala bidon ngapi?"

Sijui nieleze vipi. Wale wawili walinyonya titi moja. Nilimwona mama yangu anashika ukingo wa mkeka kana kwamba ardhi imesogea. Kisha akajibu, kwa Kiswahili chake kibovu cha sokoni, kwamba bei kwanza. Mdogo wake akataja bei. Mama akasema huo ni wizi. Wakaanza kubishana. Mama yangu alikaza kweli kweli, akakemea, akalinusa dumu na kusema mafuta yana maji. Alikuwa mkali kuliko nilivyopata kumwona na mteja yeyote, na mimi nilijua kwamba ni aibu ndiyo iliyokuwa ikimpandisha sauti. Mdogo wake akapiga makofi mapajani, akaapa kwamba tangu aanze biashara hajaona mwanamke wa roho ngumu namna hii.

"Kwetu ku Kilwa, mutu wa hivi bangemuweka ku duane!" akasema. Duane ni forodha.

Ofisa alikuwa akitazama kwa furaha ya mgeni. Akaniuliza kwa Kiingereza huyu ni nani.

"Mfanyabiashara," nikajibu. "Anatoka Zaire."

"Na hiyo ni lugha gani?"

"Kiswahili."

"Unakijua?"

"Cha sokoni tu."

Uso wake ukachangamka. Alisema wizara ina njaa ya watu wenye lugha za majirani, na kwamba angependa kunisikia nikitafsiri, ili aandike kwenye ripoti yake. Akanyoosha kalamu kuelekea kwa mama yangu wa pili. Mwulize, akasema, kama huwa anakuja hapa, na kama anaijua familia hii.

Nikamgeukia. Macho yake yalikuwa yakinisubiri, makavu, ya mtu wa sokoni.

"Mama," nikasema, "uyu bwana anauliza, weye unajua bantu ba nyumba hii?"

"Ba nyumba hii? Najua paka uyu mama. Ananunuaka mafuta, anasumbuaka, lakini ananunuaka."

Nikatafsiri. Anamjua huyu mama tu, nikasema, mteja wake msumbufu. Ofisa akacheka, akaandika. Mwulize na habari zako, akasema. Kama anakujua wewe.

Nilitazama dumu la mafuta. Nikauliza kwa lugha ile ya kuuzia.

"Na mie? Unanijua?"

Akanipima toka kichwani mpaka miguuni, taratibu, kama anavyopima mtu kitenge anachoshuku rangi yake itatoka. Hakuharakisha. Nadhani alitaka kazi iwe nzuri.

"Weye, mamuzele? Apana. Sijakuonaka hata siku moya. Njo leo." Kisha akamgeukia ofisa mwenyewe, akaongeza kwa kicheko, "Mie ningekuwa na mutoto wa kusoma hivi, ningekuwa nabebaka mafuta ku kichwa?"

Ofisa alinisubiri. Nikatafsiri neno kwa neno, bila kupunguza wala kuongeza, kwa Kiingereza cha chuo kikuu: anasema hajawahi kuniona maishani mwake, anasema angekuwa na mtoto aliyesoma hivi asingebeba mafuta kichwani. Ile ndiyo tafsiri yangu ya kwanza kwa serikali. Ofisa alisema ilikuwa safi sana.

Mama yangu alinunua dumu moja. Mdogo wake alifunga pesa kwenye pindo la kitenge, akabeba beseni, akasema aksanti, akatoka uani bila kugeuka. Kandambili zile zikapotea barabarani. Ofisa alikula ubwali kwetu, yaani ugali, akausifu, akakunja karatasi zake. Alisema hawezi kuahidi, lakini haoni tatizo lolote. Gari lilipokuja kumchukua aliuliza ni wapi Kashikishi wanapouza samaki wazuri, kwa sababu hakuna anayeondoka Nchelenge kurudi Lusaka bila samaki.

Barua ya kazi ilikuja baada ya miezi, na niliifanya kazi ile miaka mingi. Mnaotaka kujua kama nilifunguliwa kabati: nilifunguliwa. Kuna ramani, kuna mikataba, kuna barua za wazungu waliokufa zamani wakigombania ziwa ambalo hawakuwahi kulioga. Nilizisoma zote, na nilifurahi kuzisoma. Na mama yangu wa Kilwa nilimwona tena mara nyingi. Hakunilaumu hata siku moja. Kinyume chake, aliigeuza siku ile kuwa hadithi ya kuchekeshea watu msibani na harusini, akiiga sauti yangu nyembamba nikiuliza *na mie, unanijua?*, mpaka watu wanagaragara. Lakini kila alipoisimulia aliishia kwenye dumu la mafuta. Sehemu iliyobaki hakuisimulia kamwe, wala mimi sijaisimulia mpaka leo.

Siku ile, gari lilipoondoka, mama yangu wa sokoni aliniambia neno moja: nenda. Nikachukua baiskeli ya jirani, nikaikanyaga mchangani mpaka Kashikishi, sketi yangu ya chuo imeingia kwenye mnyororo. Sikuwa na hoja yoyote. Nilitaka tu kumfikia kabla hajavuka, nimsalimie salamu yake aliyoikosa asubuhi, na nimwambie kwa Kibemba kwamba nimekosa.

Mashua ilikuwa imeshapakiwa. Yeye alikuwa ameketi juu ya magunia ya sukari, pamoja na wanawake wengine wa Kilwa, miguu yake ikining'inia. Nikaiangusha baiskeli, nikaingia majini mpaka maji yakanifika chini ya magoti. Sikuangalia kushoto wala kulia. Kwetu mtoto wa kike haongei na mama yake akiwa amesimama. Hupiga magoti, hugonganisha viganja polepole, ndipo hufungua mdomo, na haijalishi ni uani, ni sokoni au ni matopeni. Hakuna anayekuamuru, miguu yenyewe hujua. Yangu ilikuwa imeshaanza kukunjika.

"Mamuzele!" akaita, kwa sauti ya kusikika soko zima. "Mafuta imeisha! Ungoye juma ya kuya!"

Wanawake wakacheka. Ndipo nikageuka, nikamwona ofisa. Alikuwa hatua kumi kutoka kwangu, kwenye meza ya samaki, akichagua samaki wakavu aina ya mpale, na dereva akiwafunga kwa kamba. Alikuwa akinitazama.

Nikamgeukia tena mama kwenye mashua. Hakuwa akiniangalia usoni. Alikuwa akiyaangalia magoti yangu. Akatikisa kichwa mara moja, kidogo sana, kama mtu anayekataa kuongezwa chakula.

Nikanyoosha miguu. Ofisa aliinua mkono kunisalimu, nami nikainua wangu. Wanaume wakaisukuma mashua, injini ikakohoa, ikashika. Yeye alikuwa ameshamgeukia jirani yake, wakiongea bei. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na ile ndiyo mara ya kwanza nilipomuaga mama yangu nikiwa nimesimama.